Muulize Fundi Mitambo: Nani Huyo Anayeimba Nyuma ya Piano?

Mwezi huu barua zimefuatana kama zilizopangwa. Mmoja amenunua hedifoni mpya na anasumbuliwa na mpiga piano anayeimba chinichini, mwingine na mwalimu wa kwaya anayesikika kuliko kwaya yenyewe, na mama mmoja ana mtoto asiyeweza kupiga noti mbili mdomo umetulia. Nimeziweka pamoja. Ya hedifoni naijibu kwa kirefu, maana nyingine zote zinaiegemea.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua hedifoni mpya, na hazikuwa rahisi. Nikazijaribu kwa rekodi ya Glenn Gould akipiga Goldberg Variations za Bach, ile ya 1981. Kila piano inapotulia namsikia mwanamume anaimba, kwa mbali, kama yuko chumba cha pili. Nilidhani simu imefungua kitu kingine. Nikafunga kila kitu, bado yupo. Spika zangu za zamani hazikuwahi kunisikilizisha mtu huyu. Je, nizirudishe hedifoni, au rekodi ndiyo mbovu?
Msikilizaji aliyechanganyikiwa

JIBU: Marahaba. Usirudishe kitu. Hedifoni zako zinafanya kazi uliyozilipia, na huyo unayemsikia ni Gould mwenyewe.

Mpiga piano huyu wa Kanada, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1982, aliimba karibu katika kila alichorekodi. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, naye alimzoesha tangu utotoni kuimba kila anachopiga. Mazoea hayo hayakumtoka. Halafu kuna kiti. Baba yake alikata miguu ya kiti cha kukunja mpaka kikabaki na kimo cha sentimita 35 hivi, na Gould akakikalia maisha yake yote, hata kilipochakaa. Ukikaa chini kiasi hicho, uso wako unasogelea vibao vya piano, na mdomo unaelekea kulekule ambako maikrofoni zimetegwa. Ukishamzoea mwimbaji, sikiliza pia mlio wa mbao: kiti nacho kinasikika.

Gould alilijua hilo na hakulifurahia. Maelezo yake yalikuwa kwamba akijizuia anapiga vibaya. Kwa fundi yeyote mwenye akili mjadala unaishia hapo. Ukimnyamazisha, umeharibu kile ulichokuja kurekodi.

Sasa kwa nini spika zako zilimficha? Kwanza, spika zinashindana na feni, barabara na watu wa nyumbani, wakati hedifoni zinakuwekea sauti mlangoni mwa sikio. Pili, ni teknolojia ya kurekodi. Gould aliirekodi kazi hiyo mara mbili, 1955 na 1981, zote katika studio ya Columbia ya 30th Street, New York, jengo lililowahi kuwa kanisa. Ile ya 1955 ni ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu wa sauti, kwenye mkanda wa sumaku, na mkanda una mvumo wake wa chini ambao ulifunika mambo mengi. Ya 1981 ilirekodiwa kidijitali. CD ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi, kwa hesabu ya karatasi, kati ya sauti kubwa kabisa na kelele yake ya chini. Santuri nzuri ilihangaika kufika 70. Kelele ya chini iliposhuka, kila kilichojificha chini yake kikabaki uchi. Isitoshe, mara ya pili Gould alitumia dakika 51 badala ya 38. Alirudia baadhi ya sehemu, kweli, lakini pia alipunguza mwendo mno pale mwanzoni, na mwendo wa polepole unaacha nafasi kati ya noti. Humo ndimo anamoimbia.

Lakini kuna jambo hukuuliza, nami ndilo linalonipendeza kuliko yote. Mbona wengi wa waimbaji hawa wa pembeni ni wapiga piano?

Piano ni ala ya kugonga. Nyundo ikishaugonga uzi, noti inaanza kufa papo hapo. Huwezi kuikuza, huwezi kuizuia isififie. Mpiga fidla anaikuza noti kwa upinde, mpiga tarumbeta kwa pumzi. Mpiga piano anaitaka noti ndefu inayopanda, anaisikia kichwani kabisa, na ala haimpi. Basi koo linamalizia kazi. Jaribu leo usiku: chagua sehemu yoyote ya polepole, usiifuate piano, mfuate yule mtu. Utagundua haimbi noti zote zinazopigwa. Anashika mstari mmoja na kuuvuta, mara nyingi pale ambapo uzi wa piano umekwisha kuchoka. Unachosikia ni piano ambayo Gould alitamani kuwa nayo.

Mwongoza okestra ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa kijiti chake hakitoi sauti yoyote. Arturo Toscanini anasikika waziwazi katika La Bohème, opera ya Puccini, aliyoiongoza redioni na okestra ya NBC mwaka 1946. Alikuwa na umri wa miaka 78, na anaimba pamoja na waimbaji bila haya. Ni yeye aliyeiongoza opera hiyohiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Turin, 1896. Kazi umeishi nayo miaka 50, utafumba mdomo vipi? Mwongozaji John Barbirolli anaguna katika rekodi zake za kazi za mtunzi Mahler. Colin Davis anasikika katika rekodi nyingi za jukwaani alizofanya na London Symphony Orchestra. Toscanini na Barbirolli wote walianza kama wapiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Sijengi nadharia juu ya hilo, ila mpiga selo mkubwa kuliko wote wa zama zao, Pablo Casals, anaguna kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Kwake si kuimba. Selo inashikilia noti vizuri tu. Ile ni nguvu ya mwili inatoka kwa mdomo, ambao mpiga selo anao huru, tofauti na mpiga fidla aliyebana kidevu.

Na sisi mafundi tuna mkono wetu. Katika miaka ya 1950 mafundi wa Decca, London, walianza kutundika maikrofoni tatu kwenye fremu yenye umbo la T, mita 3 hivi juu ya jukwaa, hapo juu ya mwongozaji. Mpangilio huo unaitwa mti wa Decca, na unatumika hadi leo kwa sababu okestra inasikika kwa upana na uhai wa ajabu. Ila angalia nani aliye karibu na maikrofoni hizo kuliko wote ukumbini. Fidla ya kwanza iko mbali zaidi yake.

Kwenye jazi mambo ni mengine, maana wale wanatunga wakipiga. Mdomo na vidole vinakimbilia wazo moja, na mdomo mara nyingi ndio unaotangulia. Wapiga piano Bud Powell, Oscar Peterson, Erroll Garner, wote utawasikia. Mwenzao Keith Jarrett, katika tamasha lake la Köln, Ujerumani, la 24 Januari 1975, analia, anapiga ukelele, anakanyaga sakafu. Nisikufiche: Jarrett ananichosha. Garner ananifurahisha, maana miguno yake inacheka. Ni suala la ladha, na huna sababu ya kuona aibu ukimkataa mmoja na kumpenda mwingine. Wapo pia walioigeuza kuwa kazi. Slam Stewart alikokota besi, ile ala ya nyuzi kubwa kuliko selo, kwa upinde huku akiimba mstari uleule oktava moja juu. Major Holley aliimba usawa uleule wa besi yake. Hao ukiwatoa sauti, umewatoa wenyewe.

SWALI: Fundi, kwaya yetu inajiandaa kurekodi pamoja na okestra ndogo. Mwalimu wetu ni mtu mzima, ametulea kimuziki, tunamheshimu sana. Tatizo ni kwamba akiongoza anaimba, na katika rekodi ya majaribio yeye peke yake anasikika kuliko safu nzima ya besi. Tulipomgusia alishangaa: "Mimi? Mimi siimbi." Tufanyeje bila kumvunjia heshima?
Katibu wa kwaya

JIBU: Katibu, mwalimu hawadanganyi. Sauti ya mtu humfikia yeye mwenyewe kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na ubongo umeizoea hata hauihesabu. Akili yake yote iko kwenu. Waongozaji wengi wako hivyo, na kumwambia hakusaidii kwa kuwa hakumbuki kufanya.

Basi msimwambie. Msikilizisheni. Mwombeni aje chumba cha mitambo awasikilize soprano, mpeni hedifoni, kisha nyamazeni. Nilimwona mzee mmoja akisikiliza kipande kizima macho amefumba, akavua hedifoni taratibu, akauliza ni nani huyo besi anayetoka nje ya ufunguo. Hakuna aliyethubutu kujibu. Aliporudi jukwaani aliongoza midomo ikiwa imebanwa kama bahasha. Hakuna aliyemvunjia heshima, na hakuna aliyehitaji kurudia maneno.

Kuna hoja nyingine ambayo mmoja wenu mwenye umri wa kukaribiana naye anaweza kumwambia kwa faragha, kwa kuwa ni ya kazi: mwalimu anayeimba haisikii kwaya yake. Sauti yake mwenyewe imemjaa kichwani, na alto wakishuka atachelewa kujua.

Kwa upande wa fundi wenu, mambo ni haya. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja hupungua desibeli 6 hivi, kwa hiyo kumwongezea mwalimu mita moja kutoka maikrofoni kuna maana kubwa, na kuiongezea kwaya mita hiyohiyo kuna maana ndogo, ilimradi yeye ndiye aliyekuwa karibu. Maikrofoni za safu zenye kusikia upande mmoja zigeuziwe mgongo kwake; hapo nyuma ndipo zinapokuwa kiziwi zaidi. Msitegemee mgongo huo kumaliza tatizo, kwani sauti ya mdomo uliofumbwa ni nzito, na sauti nzito huenea kila upande na kurudi kutoka kuta. Kwenye sehemu za chini kabisa, zile ambazo kwaya inanong'ona, rekodini mara kadhaa mpaka mpate moja safi, kisha fundi akate na kuunga. Sehemu za kishindo muacheni aimbe anavyotaka, hakuna atakayemsikia.

Ila msimnyang'anye pumzi. Niliwahi kurekodi kundi la fidla mbili, viola na selo, na kiongozi wao alikuwa akivuta pumzi kwa pua kabla ya kila mwanzo, kwa nguvu, sindano ya mita inaruka. Mtayarishaji akamwomba aache. Akaacha. Kodi ya kwanza, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ikaingia ikiwa imepasuka, kila mmoja kwa wakati wake. Ya pili vilevile, na mpiga viola akaanza kumtazama kiongozi kwa wasiwasi kama abiria anayemtazama dereva anayesinzia. Ile pumzi ndiyo iliyokuwa ikiwaambia lini, kwa mwendo gani, na kwa nguvu kiasi gani. Tukamrudishia pumzi yake, tukamwomba tu aivute kwa mdomo wazi badala ya pua. Pumzi ya mdomo uliolegea ina kelele ndogo kuliko ya pua, na wenzake waliiona hata wasipoisikia, kwa kuwa mabega yaliinuka. Hilo mnaweza kumpa mwalimu wenu pia.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa, anajifunza piano, na anaimba kila anachopiga. Mwalimu mmoja anasema aachwe, mwingine anamgonga begani anyamaze. Ninayelipa ada ni mimi, nimsikilize nani?
Mama mwenye masikio yaliyochoka

JIBU: Mama, pole na kelele. Msikilize wa kwanza, kwa sasa. Mtoto anayeimba anachopiga anakisikia kabla hajakipiga, na walimu wengi wanahangaika kuwafundisha wanafunzi hilo hilo.

Kuna kipimo kimoja tu cha kufanya. Mrekodi kwa simu, simu iwe upande wa mkia wa piano, mbali na mdomo wake, halafu msikilize pamoja. Je, wimbo unasikika kwenye piano, unapanda na kushuka, au piano inagonga sawasawa tu huku utamu wote uko kooni? Ikiwa utamu umebaki kooni, vidole bado vina deni, na mtoto hawezi kujua kwa sababu akiwa kwenye kiti anasikia vyote viwili vimechanganyika. Hapo mwalimu amwambie aimbe mstari mara moja kwa sauti kubwa bila kupiga, kisha aupige mdomo ukiwa wazi bila sauti. Mdomo wazi, si meno yaliyobanwa. Ukimbana mtoto taya, mabega yanafuata, na mikono inafuata mabega. Ya begani mwombe mwalimu wa pili aiache kabisa.

SWALI: Siku hizi kuna programu za kompyuta za kila kitu. Kwa nini kampuni haziondoi miguno hiyo kwenye rekodi za zamani?
Mpenda usafi

JIBU: Kikohozi kinaondoka, ndugu yangu, mlio wa kiti unaondoka kwa subira, mlango uliofungwa vibaya unaondoka. Vyote hivyo ni vifupi na havifanani na muziki. Anayeimba yuko tofauti: anaimba noti zilezile zinazopigwa, wakati uleule. Piano inaanzia hezi 27.5, yaani mitetemo 27.5 kwa sekunde, na kupita 4,000, na mwanamume anayeimba chinichini anakaa katikati ya eneo la mkono wa kushoto. Unapoichonga sauti yake kwenye picha ya masafa, ile inayoonyesha sauti nzito na nyembamba kwenye skrini, unachonga na piano. Programu mpya za kutenganisha sauti zinafanya vizuri zaidi, lakini mimi bado nasikia noti zikipoteza mikia, na mkia wa noti ndio unaokuambia ukumbi ulikuwaje.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kampuni ya Marekani iitwayo Zenph ilichukua rekodi ya Gould ya 1955, ikaichambua kwa kompyuta kujua kila kibao kilibonyezwa lini na kwa nguvu gani, kisha ikaipigisha piano ya Yamaha inayojiendesha, na kurekodi upya. Ilitoka 2007. Hakuna anayeimba, kwa kuwa hakuna aliyeketi. Noti zote zipo, na kazi ya kiufundi ni ya kuvuliwa kofia. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikairudisha kabatini, na ile yenye mtu ndani yake bado iko kwenye rafu ya karibu.

SWALI: Je, kuna watunzi walioandika kabisa kwamba mpigaji atoe sauti?
Mwanafunzi wa muziki

JIBU: Wapo, tena wa zamani. Weber, katika Concertino yake ya horni, lile baragumu la shaba lililoviringika, kazi aliyoitunga 1806 na kuirekebisha 1815, anamtaka mpigaji apulize noti moja huku akiimba nyingine ndani ya ala, na kwa pamoja zinatoa kodi. Mpe mpiga horni yeyote aijaribu na uone anavyofuta jasho. Mmarekani George Crumb, katika Vox Balaenae ya 1971, anamfanya mpiga filimbi aimbe ndani ya filimbi yake. Mwaka mmoja kabla, katika Black Angels, aliwataka wapigaji wanne wa nyuzi wanong'one, wapaze sauti na kuhesabu kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa hiyo ukiisikiliza hiyo kwa hedifoni mpya na mtu akaanza kukuhesabia kwa lugha yako, usiguse simu, iko sawa.